Magurudumu na Kimo cha Gari Dogo: Pima Kwanza Ndipo Unyanyue

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka huu mimi niliinama kweli, tena si mvunguni mwa kitanda bali mvunguni mwa gari. Nilitoka huko na oili kwenye sare ya shule, nikagombezwa na mama, lakini pia nilitoka na jambo la kuwaeleza wanachama wenzangu. Jambo lenyewe ni hili: gari dogo likiwa linagusa chini kila mara, lifanyiwe nini? Libadilishwe magurudumu, linyanyuliwe kwenye springi, au yote mawili? Na kama ni kunyanyua, ni kwa kiasi gani?

Kwetu ni milimani, katika vilima vya Taita, upande wa Wundanyi. Kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni kilomita 6 za barabara ya udongo. Baada ya hapo lami huteremka kwa kona nyingi mno hadi Mwatate, kisha huendelea hadi Voi. Baba ana Toyota Vitz ya mwaka wa 2008 yenye injini ya lita moja, ambayo aliinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Siku za soko viti vya nyuma hulazwa, tukapakia kabichi, nyanya na pilipili hoho za mama. Siku nyingine hubeba watu. Karo yangu na ya mdogo wangu hutoka humo humo. Gari likisimama, nami hurudishwa nyumbani.

Na lilisimama. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua ya masika haijakatika. Magari makubwa yalikuwa yamechimba mifuo miwili barabarani na kuacha mgongo mrefu katikati. Tulikuwa tumejaza kabichi, baba anaendesha pole pole, mara tukasikia "kraa!" chini ya miguu yetu. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Baba akazima injini papo hapo, na hilo ndilo lililoiokoa. Sampu, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini, ilikuwa imepasuka. Kabichi zikateremshwa kwa bodaboda, gunia moja moja, na zilizobaki zikanyeshewa mpaka zikaanza kunuka. Wiki iliyofuata niliitwa na wenzangu kadhaa, tukaambiwa tukalete karo.

Penye Wengi Pana Mengi

Jioni moja watu wakakaa kuzungumzia gari letu. Kaka yangu, ambaye hufanya kazi Voi kwenye pahali pa kuoshea magari, alikuwa na dawa yake. "Baba, hii gari unaiaibisha na hivi vitairi vidogo. Weka rimu za 16, itasimama juu kabisa."

Jirani yetu, dereva wa miaka mingi, akasema, "Wacha hayo mambo ya vijana. Weka tairi za 185 na spesa za sentimita 5. Utapita hata juu ya kondoo."

Mama akasema neno moja tu: "Gari refu mimi siingii. Zile kona naziogopa."

Mama hakuwa akitania. Mwezi mmoja nyuma tulikuwa tumepanda gari la mtu lililonyanyuliwa sana, mizigo mingine imefungwa juu ya paa. Kwenye kona moja lililala upande hata wote ndani tukanyamaza, dereva naye akanyamaza. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo mama huwa anauliza kwanza.

Baba hakujibu mtu. Asubuhi alituchukua mimi na kaka tukaenda kwa mjomba, fundi wa magari kule Mwatate. Mjomba alisikiliza maoni yote, akapangusa mikono, akauliza, "Sawa. Na mmepima nini?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amepima chochote. "Basi wewe msichana, si unasoma hesabu? Leta daftari na ushike tochi."

Kusoma Namba za Tairi

Ubavuni mwa tairi letu palikuwa pameandikwa 165/70 R14 81S. Nilikuwa nimeiona namba hiyo kwa miaka nikidhani ni ya kiwandani tu. Kumbe inasomeka hivi.

Ile 165 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 70 ni asilimia: kimo cha ukuta wa tairi, kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye sehemu inayogusa barabara, ni asilimia 70 ya upana huo. R huonyesha jinsi nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 81 ni alama ya uzito, maana yake tairi moja huruhusiwa kubeba kilo 462. S ni alama ya mwendo, yaani lisizidishe kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao kwa barabara zetu ni wa ndotoni.

Sasa hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo rimu ya 14 ina milimita 355.6. Ukuta ni 165 mara 0.70, yaani milimita 115.5. Kuta ziko mbili, moja juu na moja chini ya rimu, kwa hivyo tunajumlisha 231. Kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 586.6.

Nilifanya hesabu hiyo hiyo kwa kila tairi lililokuwa limetajwa, nikaongeza na moja alilopendekeza mjomba:

165/70 R14 (letu): ukuta 115.5, kipenyo 586.6
195/45 R16 (la kaka): ukuta 87.75, kipenyo 581.9
185/70 R14 (la jirani): ukuta 129.5, kipenyo 614.6
175/70 R14 (la mjomba): ukuta 122.5, kipenyo 600.6

Rimu Kubwa Si Gari Refu

Hebu tazama tena mstari wa kaka. Zile rimu za 16 zilizokuwa zinunuliwe ili gari lisimame juu zingelishusha! Rimu imekua, lakini ukuta wa tairi umekuwa mwembamba, na kipenyo chote kimepungua kwa karibu milimita 5. Kaka alirudia hesabu mara tatu kwenye simu yake, jibu likawa ni lile lile. Ama kweli, si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Isitoshe, ule ukuta wa tairi una kazi. Ndio mto wa kwanza kabla ya springi. Gurudumu likiingia shimoni, ukuta mnene hubonyea na kurudi. Ukuta mwembamba hubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, rimu ikapinda au tairi likatoa nundu ubavuni. Tairi lenye nundu nyuzi zake zimekatika, na linaweza kupasuka wakati wowote. Rimu kubwa na tairi jembamba zina raha yake kwenye lami laini, kwa kuwa gari huitikia usukani upesi. Sisi tuna kilomita 6 za udongo asubuhi na kilomita 6 jioni.

Tairi la jirani je? Hilo kweli ni kubwa. Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Kipenyo kimeongezeka kwa milimita 28, ila gari halipandi milimita 28. Gari limekaa katikati ya gurudumu, kwa hivyo hupanda nusu tu, yaani milimita 14. Na kwa hizo milimita 14 kuna gharama. Tairi pana na refu laweza kusugua madigadi usukani ukikunjwa hadi mwisho, hasa gari likiwa na mzigo. Pia gurudumu kubwa hufanya kama gia ndefu: kila mzunguko huenda mbali zaidi, kwa hivyo injini hutumia nguvu zaidi mlimani, na breki nazo hufanya kazi zaidi mteremkoni. Kwetu hakuna kingine ila mlima na mteremko.

Spidomita nayo hudanganywa, kwa maana huhesabu mizunguko ya gurudumu na haijui kwamba gurudumu limekua. Kwa tairi la jirani, ikionyesha 80 gari huwa linakwenda karibu 84. Mafundi wengi hutumia kanuni kwamba kipenyo kisizidi kile cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3. La jirani limezidi kwa karibu asilimia 5. Lile la mjomba, 175/70 R14, limezidi kwa asilimia 2.4. Gari hupanda milimita 7 tu, lakini ukuta ni mnene kuliko wa kwanza, linaenea kwenye rimu zile zile, na alama yake ya uzito kwa kawaida ni 84, yaani kilo 500 kwa kila tairi. Kwa wabeba kabichi hiyo si haba.

Springi, Shoki na Spesa

"Milimita 7!" baba akashangaa. "Hiyo si hata sentimita moja. Sampu itapasuka tena."

Mjomba hakubishana. Alichukua utepe akapima kutoka kitovu cha gurudumu moja kwa moja juu hadi ukingo wa madigadi. Nyuma kushoto: sentimita 33. Mbele: sentimita 34. Kisha akaenda kwa gari jingine la aina ile ile lililokuwa hapo gerejini, likiwa na springi mpya. Nyuma sentimita 36, mbele sentimita 35.5. Gari letu lilikuwa limezama. Nikaingia mvunguni na tochi, nikaona springi ya nyuma kushoto imekatika mwishoni, imekalia kipande chake. Shoki za mbele zilikuwa zimelowa oili.

Hapa napenda kueleza tofauti, maana mimi nilikuwa nikizichanganya. Springi ndiyo hubeba gari. Shoki, yaani ile shokabsoba, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka. Springi ikichoka, gari hukaa chini hata likiwa limesimama. Shoki ikichoka, gari laweza kuonekana sawa likisimama, lakini likipita tuta hupiga mbizi na kugusa chini. Letu lilikuwa na magonjwa yote mawili, na sisi tulikuwa tunataka kulivisha viatu virefu kabla ya kulitibu miguu.

Spesa ni kipande cha chuma au mpira mgumu kinachowekwa juu ya springi ili kuusukuma mwili wa gari uende juu. Ukiweka ya sentimita 2, gari hupanda kama sentimita 2. Zisichanganywe na zile spesa nyingine zinazowekwa nyuma ya rimu ili gurudumu litokeze nje, ambazo haziongezi kimo hata kidogo. Wako pia wanaopachika mipira kati ya mizunguko ya springi. Gari hunyanyuka, ndiyo, lakini sehemu ile ya springi haifanyi kazi tena, na mzigo wote huangukia mizunguko iliyobaki.

Spesa hunyanyua mwili wa gari pamoja na injini na sampu yake. Hazinyanyui boriti ya nyuma wala vyuma vinavyoshika magurudumu, kwa sababu hivyo hufuata magurudumu yenyewe. Hivyo hunyanyuliwa na tairi kubwa pekee. Ndiyo sababu mtu hujiuliza kwanza: ni kitu gani kinachogusa chini? Kama ni sampu, spesa zitasaidia. Kama ni boriti, zitakula pesa zako bure.

Na zikizidi? Mjomba alizihesabu hasara kwa vidole. Kwanza, ekseli za mbele hukaa mshazari, mipira yake hupasuka, mchanga ukaingia, na baada ya muda ukikata kona utasikia "kra-kra-kra". Pili, shoki hufika mwisho wake kila gari linaporuka, ikagonga "ko!". Tatu, mipira ya breki yaweza kuvutika. Nne, magurudumu hayaelekei tena sawasawa, tairi likaisha upande mmoja. Tano ni kona za mama.

Kuhusu kona, fanya jaribio hili dawatini. Chukua kiberiti kilichojaa, ukilaze juu ya kitabu, kisha inua ukingo wa kitabu taratibu. Kiberiti kitateleza kabla hakijapinduka. Sasa kisimamishe wima, uinue tena. Kitapinduka mapema. Kiberiti ni kile kile, kilichopanda ni kitovu cha uzito tu, kama tulivyofunzwa katika fizikia. Gari likinyanyuliwa bila kuongezwa upana, linafanywa lifanane kidogo na kile kiberiti cha wima, na mzigo ukiwekwa juu ya paa mambo huzidi kuharibika.

Kupima Barabara

"Bado hatujapima kitu kimoja," mjomba akasema tulipokuwa tukiaga. "Barabara yenyewe."

Jumamosi mimi na kaka tukatembea zile kilomita 6 tukiwa na rula na ufito ulionyooka. Tuliulaza ufito juu ya mgongo wa katikati, tukapima kutoka ufitoni hadi chini kwenye mfuo, kushoto na kulia. Watu walituuliza kama sisi ni wa kaunti na kama lami inakuja. Sehemu nyingi mgongo ulikuwa sentimita 10 hadi 12. Sehemu mbaya, 14. Pahali pamoja tu, karibu na mkuyu, palikuwa na jiwe lililotokeza sentimita 19. Ndilo lililotupasua.

Gari nalo tulilipima likiwa na mzigo, maana kulipima tupu ni kujidanganya. Sampu ilikuwa sentimita 12 kutoka ardhini. Sasa hesabu ikawa nyepesi. Springi mpya mbele zingerudisha sentimita 1.5, tairi 0.7, jumla 14.2. Spesa za sentimita 2 zingetufikisha 16.2. Mgongo wa 14 ungepitika, na sentimita 2 zibaki kwa ajili ya matope na kutikisika.

Na lile jiwe la 19? Ili kulipita tungehitaji spesa za sentimita 5 na zaidi, kama alivyosema jirani. Lakini baba aliuliza swali ambalo sijalisahau: kwa nini gari libebe sentimita 5 maisha yake yote, katika kila kona ya kwenda Mwatate, kwa ajili ya jiwe moja? Jumapili baada ya ibada watu sita walitoka na mitaimbo na majembe. Jirani yetu alikuwa wa kwanza kufika. Saa mbili hazikuisha, jiwe likawa kando, shimo likajazwa kokoto.

Tulichofanya

Mjomba alianza na tiba: springi zote nne na shoki zote nne, kwa sababu kubadilisha upande mmoja hulifanya gari likae mshazari. Kisha tairi nne za 175/70 R14, zote sawa. Kisha spesa za sentimita 2 mbele na nyuma. Mwisho magurudumu yakanyooshwa kwa mashine na taa za mbele zikashushwa, kwa sababu gari likipanda, mwanga nao hupanda na kuwapofusha wanaokuja. Pesa hazikutosha mara moja. Tulifanya kwa awamu mbili, na baba hakubeba abiria wala mzigo mpaka springi ile iliyokatika ilipotolewa.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu ni asali. Likiwa tupu, gari linarusha kidogo kuliko zamani. Mlima mmoja ambao lilikuwa likiupanda kwa gia ya pili sasa wakati mwingine hutaka ya kwanza. Na kwenye kona baba amepunguza mwendo, wala mzigo haupandi tena juu ya paa. Lakini tangu Juni hadi ninapoandika makala haya, sampu haijagusa chini hata mara moja, nami sijarudishwa nyumbani. Mama huingia bila kuuliza.

Basi, ndugu msomaji, kama kwenu kuna gari dogo linalogusa chini, usikimbilie dukani. Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kitakuambia saizi ya tairi na upepo unaofaa. Angalia springi na shoki kama ni nzima. Jua ni kitu gani kinachogusa. Pima gari likiwa na mzigo wake, kisha upime barabara yako, si ya mwenzako. Ukishapata tofauti, ongeza kiasi hicho na kidogo cha akiba, basi. Na kama kilichobaki ni jiwe moja, chukua mtaimbo.

Kaka bado anazitamani zile rimu za 16. Amesema atazinunua siku lami itakapofika kwetu. Kwaherini.